Leso, Viraka na Mfarishi: Habari za Asili Yake

Katika mkutano mkuu wa mwaka huu lilizuka neno ambalo halikumalizika. Idara ya akina mama ilileta shauri kwamba Chama kishone mifarishi ya vipande vya leso, iuzwe kwa faida ya mfuko wa misiba na karo za watoto. Wazee watatu walisimama wakapinga. Hawakupinga faida, walipinga viraka. Mmoja wao alisema kwamba nguo ya kuungaungwa ni nguo ya mtu aliyeshindwa na maisha, na kwamba haifai jina la Chama kuonekana juu ya kitu cha namna hiyo. Halmashauri ikaamua kwamba habari za kazi hii ziandikwe katika kijitabu hiki cha mwaka, ili wanachama wapate kuzisoma kwa utulivu kabla ya shauri kurudishwa mkutanoni.

Kwanza jina. Mfarishi si kitu kigeni katika lugha yetu. Ni nguo ya kitandani yenye tabaka tatu: ya juu, ya chini, na katikati yake kitu cha kutia joto, kama vile pamba, usufi au blanketi kuukuu, na tabaka hizo zimeshikanishwa kwa sindano zisiachane. Tabaka ya juu yaweza kuwa kitambaa kimoja kizima, nayo yaweza kuungwa kwa vipande. Ubishi wetu ni juu ya vipande.

Nawaomba radhi wazee wangu, lakini ni wachache miongoni mwetu ambao hawakubebwa mgongoni kwa leso, na leso ilianza kwa kuungwa vipande.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, nguo zilizokuwa miilini mwa watu wengi wa pwani yetu zilikuwa merikani na kaniki. Merikani ilikuwa pamba tupu isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Marekani na kuletwa Unguja na merikebu za Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa sahihi mwaka 1833, na baada yake nguo hiyo ilienea pamoja na misafara mpaka bara ya mbali, hata ikawa inatumika kama fedha. Kaniki ilikuwa nguo ya pamba iliyotiwa nili mpaka ikawa buluu nzito kama usiku. Hizo mbili ndizo nguo zilizojulikana kuwa za watumwa na za maskini. Ukimwona mwanamke aliyevaa rangi na maua, ulijua kwamba ana mwenyewe wa kumnunulia, au ana chake.

Ndipo vilipoingia madukani vitambaa vya mraba vyenye chapa kubwa na rangi kali. Wareno walikuwa wakikiita kitambaa cha namna hiyo, cha kichwani au cha mkononi, kwa jina la lenço. Nasi tukalitamka leso. Vilikuja katika jora, havijakatwa, kimoja kikifuata kingine, na desturi ya mwenye duka ilikuwa kumkatia mnunuzi kimoja kimoja. Kitambaa kimoja hakikutosha kufunika mwili wa mtu mzima. Masimulizi ya Unguja na ya Mombasa yapatana juu ya jambo lililofuata: wanawake waliacha kununua kimoja kimoja. Walitaka sita pamoja. Walipofika nyumbani walikata katikati, wakapata mistari miwili ya vitambaa vitatu vitatu, wakailaza ubavu kwa ubavu, wakaishona kwa mshono mmoja wa urefu. Ikawa nguo moja pana, miraba mitatu kwa miwili, ya kujifunga au kujitanda.

Tazameni jinsi kazi hiyo ilivyokuwa nyepesi. Mkato mmoja na mshono mmoja. Mwanamke mwenye sindano na uzi aliweza kuimaliza kabla ya chakula cha mchana kuiva. Wala hakuigusa chapa: ua lililokuwa kubwa kama kiganja lilibaki kubwa kama kiganja, kwa kuwa alishona pembezoni mwa kitambaa, pale penye mpaka wake. Hii ndiyo hekima ya kazi ya chapa kubwa, nayo yafaa kukumbukwa na kila atakayeshika mkasi: ukikatakata chapa kubwa vipande vidogo, hubaki na rangi tu, na lile korosho au ua ulilolipenda dukani hulioni tena. Wengine walifanya zaidi. Walinunua vitambaa vya chapa mbalimbali wakavichanganya, ili mwenzake asiwe na nguo kama yake.

Wenye maduka hawakuchelewa kuona. Waliagiza ng'ambo nguo zilizopigwa chapa kana kwamba ni vitambaa sita vilivyoungwa, lakini zimefumwa kipande kimoja, mshono hamna. Yaani kiwanda kiliiga kazi ya sindano ya mwanamke wa pwani, kikamwuzia yeye mwenyewe. Baadaye mfano wa miraba sita uliachwa, likaja umbo tulijualo leo lenye pindo kuzunguka pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno ya chini. Maneno hayo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Unguja na Mrima waliiita kanga, na wengi husema ni kwa ajili ya madoadoa kama ya ndege kanga. Mombasa tulishika jina la leso. Hapa Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, ajulikanaye kwa jina la Abdulla, lilianza mwaka 1887, na alama yake ya "K.H.E. Mali ya Abdulla" ingali yasomeka katika leso nyingi. Leso zimepigwa chapa Uingereza, Uholanzi, Bara Hindi, Japani na Uchina, na kwetu Kenya pia. Jina la duka limehifadhiwa. Majina ya wanawake waliokata jora na kuunga miraba sita hayakuandikwa popote, na hili nitalirudia.

Kuna jambo moja zaidi juu ya leso ambalo wazee wetu wa pwani walijua vizuri kuliko mimi. Utumwa uliondolewa nguvu ya sheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani yetu ya Kenya mwaka 1907. Wanawake waliotoka katika hali ile waliitupa merikani na kaniki wakavaa leso zenye rangi. Hawakuwa na mashamba wala nyumba za mawe. Nguo ndiyo ilikuwa cheti chao. Kwa hiyo nguo ambayo mfano wake wa kwanza ulikuwa vipande vilivyoungwa, ndiyo iliyovaliwa kuonyesha kwamba mtu ni mwungwana sasa. Mzee mwenzangu aliyesema kwamba nguo ya kuungwa ni ya aliyeshindwa na aipime habari hiyo.

Sasa na tuwafuate hao Wareno waliotuachia jina la leso, kwa maana njia yao inatupeleka mahali ambapo Waafrika walishona mifarishi yenyewe. Ngome ya Mombasa ilijengwa kuanzia mwaka 1593 kwa amri ya serikali ya Ureno, na wakuu wake walitawaliwa kutoka Goa, katika Bara Hindi. Baina ya pwani ya Afrika na Goa merikebu zilipita kwa pepo za msimu kwa karne nyingi, zikichukua pembe na dhahabu, na kwa huzuni yetu, watu pia. Wengine walichukuliwa na Wareno, wengine na wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kihindi. Wajukuu wa watu hao wako huko hata leo, nao huitwa Siddi. Wako Gujarat, wako Hyderabad, na wako katika misitu ya milima ya Karnataka, ng'ambo ya Goa, ambako wengi wa wazazi wao walikimbilia ili kujiponya na utumwa. Ni Waislamu, Wakristo na Wahindu. Lugha zao ni za majirani zao.

Wanawake wa Siddi wa Karnataka hushona mfarishi uitwao kawandi. Namna yao ni tofauti na ya Wazungu, nayo ni ya haraka kwa akili sana. Mzungu kwa desturi huunga kwanza vipande vyote vya juu, kisha hutandika tabaka, kisha hushona mara ya pili kuzishikanisha. Mwanamke wa Siddi hafanyi kazi mara mbili. Hutandika kitambaa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, akaanza pembeni na vipande vya nguo zilizochakaa: hukunja ukingo wa kipande, akakilaza, akapiga bandi kukipita chote mpaka chini, hukilaza cha pili kikipanda kidogo juu ya cha kwanza, akaendelea. Mshono ule ule unaounga vipande ndio unaoshikanisha tabaka. Huzunguka ukingo wote wa nguo, kisha mzunguko wa ndani yake, kisha wa ndani zaidi, mpaka afike katikati. Na hapo kazi imekwisha. Mwisho hutia katika pembe zote nne vijipande vilivyokunjwa pembetatu, ambavyo wao huviita phula, yaani maua. Havina kazi ya joto wala ya nguvu. Lakini mfarishi usio na phula, kwao, ni kama mtu aliye uchi. Watu ambao hawakuwa na kitu ila matambara walikataa kutoa nje kazi isiyo na maua yake.

Haya yote nimeyasema kwa sababu ya neno kiraka. Kiswahili chetu chapambanua baina ya kiraka na kipande, nasi tumevichanganya katika ubishi wetu. Kiraka hutiwa juu ya tundu kulificha. Kipande huwekwa karibu na kipande kingine ili kujenga kitu ambacho hakikuwapo. Mzee ana haki kabisa kuchukia nguo yenye viraka kuuzwa kwa jina la Chama. Kawandi haifichi tundu lolote.

Habari ya tatu yahusu bei, na kwa Chama kama chetu pengine ndiyo yenye faida kuliko zote. Nimetaja merikani. Ile pamba iliyofumwa katika viwanda vya kaskazini ya Marekani haikuota kaskazini. Ilitoka mashamba ya majimbo ya kusini, nayo ilichumwa na watumwa waliokuwa na asili ya Afrika. Mtumwa wa Unguja alivaa mgongoni jasho la mtumwa wa Marekani, wala mmoja hakujua habari za mwenziwe. Moja ya nchi hizo za pamba ni Alabama, na ndani yake, katika wilaya ya Wilcox, mto wa Alabama wapinda kama kiatu cha farasi na kuzunguka kijiji kiitwacho Gee's Bend. Joseph Gee alifungua shamba hapo mwaka 1816; baadaye lilimilikiwa na Mark Pettway, ambaye aliwaleta watumwa wake kwa miguu kutoka North Carolina. Wajukuu wao wengi wangali wanaitwa Pettway.

Utumwa ulipokwisha walibaki hapo hapo kama wapangaji wa shamba, wakilima pamba kwa mkopo. Mwaka 1932 mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alikuwa amekufa, na watu wake wakaja kudai: walichukua wanyama, majembe, mikokoteni na hata chakula ghalani. Nyumba zao zilikuwa za magogo, zenye nyufa zilizopitisha upepo, na majira ya baridi huko si kama ya kwetu. Mifarishi ndiyo iliyowaokoa. Wanawake waliishona kwa suruali za kazi zilizochakaa, magunia ya unga na nguo za watoto, usiku baada ya kutoka shambani. Hawakuwa na saa za kukata nyota na maua madogo madogo. Walikata mapande makubwa na mikanda mirefu, wakaiunga jinsi ilivyotoshana. Mfano mmoja wa mikanda mirefu mitupu wao wenyewe waliuita Lazy Gal, maana yake "msichana mvivu", kwa kuwa hauna ugumu. Mvivu! Na mshonaji wake amechuma pamba tangu alfajiri.

Katika mwaka 1965 watu weusi wa wilaya hiyo walianza kudai kwa nguvu haki ya kupiga kura, na wengi walifukuzwa katika mashamba waliyopanga kwa sababu hiyo. Padre mmoja wa Kianglikana, Francis X. Walter, aliona mifarishi imeanikwa juu ya kamba, akafahamu kwamba kitu hicho kingeweza kuuzwa mbali. Katika mwezi wa Machi 1966 wanawake wenyewe waliunda ushirika wao, wakauita Freedom Quilting Bee, yaani Ushirika wa Washona Mifarishi wa Uhuru. Mifarishi yao iliuzwa kwa mnada New York. Ushirika ulinunua ardhi, ukajenga nyumba ya kushonea, na sehemu ya ardhi hiyo ulizipa nafasi ya kununua viwanja jamaa zilizofukuzwa. Kwa chama cha ustawi, sijui kazi gani iliyo bora kuliko hiyo.

Lakini yalikuja mambo mengine pamoja na fedha. Maduka makubwa ya New York yalitaka mifarishi inayofanana, mishono iliyopimwa, mfano mmoja ukirudiwa mara nyingi. Mwaka 1972 duka la Sears liliwapa kazi ya kushona foronya za mito ya kiti kwa kitambaa cha kodrai. Kazi ilikuwa ya kudumu na mshahara ulijulikana, na wengi walishukuru. Ila haikuwa tena kazi ya kichwa chao. Nao wale waliobaki nyumbani Gee's Bend wakaendelea kushona wapendavyo, na katika mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa ukutani katika jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na watu wakasimama foleni kuitazama. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu zenye picha zake. Nguo zilizolaliwa na watoto zikawa mali ya thamani kubwa. Mwaka uliofuata baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani wakidai kwamba hawakupata haki yao katika faida iliyotokana na kazi zao, na kesi hizo zilimalizwa kwa mapatano mwaka 2008. Ushirika wenyewe ulifungwa mwaka 2012, wanachama wakiwa wamezeeka.

Kwa maoni yangu, basi, lililo la kuogopwa na Chama ni daftari, wala si kipande. Ikiwa mkutano utakubali shauri la akina mama, naomba mambo mawili yaandikwe katika kanuni kabla ya mkasi kugusa leso: kwamba bei ya mshonaji itengwe na faida ya mfuko tangu mwanzo, na ijulikane kwa kila mtu, na kwamba jina la aliyeshona litiwe kwa uzi nyuma ya mfarishi, katika pembe ya chini. Wanawake wa miraba sita hawakuwa na mtu wa kuwaandika. Hawa wetu wanaye katibu, tena ana kalamu.

Namna ya kushona nimeipata kwa mama wa idara hiyo, nami naiandika kama nilivyoambiwa. Leso tatu zinatosha, mpya au kuukuu, mradi mji wake haujachanika. Zifuliwe kwanza zote pamoja na kitambaa cha chini, maana leso mpya hutoa rangi na hunywea. Pindo zikatwe ziwekwe kando, kisha kila mji utoe vipande viwili vya inchi 24 kwa 24, kila kipande kikiwa na chapa yake nzima katikati. Hapo kuna vipande sita. Hupangwa sakafuni vitatu kwa viwili, kama leso ya zamani. Na mtu asimame mbali avitazame kabla ya kushona, vile vya rangi moja visikae ubavu kwa ubavu. Vitatu huungwa mstari mmoja, vitatu mstari wa pili, kisha mistari miwili huungwa kwa mshono wa urefu. Kwa cherehani hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Zile pindo zilizowekwa kando huzungushwa pande zote nne, nazo huongeza upana ufaao kitanda cha mtu mmoja.

Chini hutandikwa shuka au amerikani, katikati blanketi kuukuu. Akina mama wanapendelea blanketi kuliko pamba, kwa kuwa pamba isiyoshonwa karibu karibu hukimbilia pembeni ikifuliwa. Tabaka tatu hupigwa bandi ya muda zisisogee. Baada ya hapo, badala ya kushona nguo nzima, huchukuliwa uzi mnene, ukapitishwa chini na kurudishwa juu, ukafungwa fundo mara mbili na kukatwa, kila baada ya inchi nne au tano. Wanawake wanne wakikaa pande nne huyamaliza mafundo yote alasiri moja. Kisha ukingo hukunjwa na kushonwa. Leso yenye jina hupewa nafasi yake: maneno yasikatwe katikati, bali mkanda wa jina uwekwe mzima upande wa kichwani, ili alalaye ayasome.